Dada wa Kazi Anatoka Kazini Saa Ngapi?

Swali: Mimi ni muuguzi, naishi Shangani, Mtwara. Nina watoto wawili, mmoja ana miezi minane, mwingine miaka minne. Mume wangu ni dereva wa lori, kwa wiki anakaa nyumbani siku mbili. Dada wa kazi ana miaka 19, nilimtoa Newala mwezi Machi kupitia shangazi yake. Namlipa 90,000 na huwa naituma kwa shangazi. Kula, kulala, sabuni, vyote anapata kwangu. Analala chumba cha watoto. Siku hizi amebadilika. Mtoto akilia usiku anachelewa kuamka, jioni yuko kwenye simu, anataka Jumapili yote iwe yake, na ameshaniambia Novemba lazima aende kwao kwenye korosho. Mama mkwe alipokuja na wajukuu wawili, dada alinuna wiki nzima. Mwezi uliopita aliunguza brenda nikamkata 45,000. Mara nne kwa mwezi nina zamu ya usiku. Je, namdai mengi, au yeye ndiye amezidi?

Jibu: Mama, pole na zamu. Katika maelezo yako kuna mshahara, kuna chumba, kuna korosho. Saa ya dada kumaliza kazi haimo. Karibu kila ugomvi uliouandika umezaliwa hapo. Mtu anayelala kwako huonekana yupo muda wote, na aliyepo ni rahisi kumtuma. Lakini kuwepo nyumbani na kuwa kazini ni vitu viwili, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhesabu dada wa kazi kuwa mwajiriwa kama ulivyo wewe hospitalini.

Tuanze na usiku, kwa kuwa ndiko kunakouma zaidi. Mchana kutwa dada amembeba mtoto, amepika uji, amefua nepi, amempeleka mkubwa chekechea. Usiku umemlaza chumba kimoja na mtoto wa miezi minane, ambaye huamka mara mbili au tatu. Maana yake hana usiku. Wiki ya kwanza ataruka kitandani kabla mtoto hajalia mara ya pili. Akifikisha miezi minane kazini mwili wenyewe utakataa, na wewe utauita uvivu. Kisheria, kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, na kila saa huongezewa angalau asilimia 5. Mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine ni saa 12 mfululizo. Kwa mfanyakazi anayeishi hapo hapo kazini sheria inaruhusu yapunguzwe hadi saa 8, hapo ndipo mwisho.

Kwa hiyo usiku ambao uko nyumbani, mtoto mdogo alale chumbani kwako. Hata kama mnyonyo wa usiku umeshapungua, mtoto wa umri huo anamtafuta mama, na dada akiamka hukuamsha wewe pia, kwa hiyo mnakosa usingizi wawili. Mkubwa wa miaka minne anaweza kubaki chumba kimoja na dada, kwa makubaliano kwamba akiamka kwenda chooni dada atamsaidia, basi.

Sasa saa za mchana. Kiwango cha kawaida ni saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, ndani ya siku 6. Saa za ziada haziruhusiwi kuzidi 50 katika kila wiki nne, na jumla ya siku moja, ukichanganya za kawaida na za ziada, isizidi 12. Kwa nyumba kama yako ratiba inayowezekana ni hii: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:30 asubuhi mpaka saa 9:30 alasiri unaporudi. Hizo ni saa 9, kwa siku tano ni 45, zimekwisha. Kuanzia saa 9:30 mpaka saa 12 jioni dada yuko huru. Saa 12 mpaka saa 1:30 usiku anarudi kusaidia chakula na kuwaogesha watoto, nayo ni saa ya ziada. Jumamosi saa 1 mpaka saa 5 asubuhi anafua na kusafisha, saa nne za ziada. Jumla ya ziada ni saa 11 na nusu kwa wiki, 46 kwa wiki nne. Iko ndani ya kikomo, lakini nafasi iliyobaki ni ndogo.

Utasema: mbona katikati ya hizo saa 9 anapumzika mtoto akilala? Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akishapita saa 5 za kazi, na mwajiri halazimiki kuyalipia. Lakini mapumziko ambayo mtu lazima abaki tayari, kwa sababu kazi haiwezi kuachwa yenyewe, ni muda wa kazi. Aliyeachwa peke yake na mtoto anayelala bado analea.

Pesa za saa za ziada zinahesabika hivi. Chukua mshahara wa mwezi, gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa 45. Elfu tisini inakupa kama shilingi 461 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani kama 692. Saa 11 na nusu kwa wiki ni karibu saa 50 kwa mwezi, hivyo ni kama 34,500. Ratiba hiyo basi inagharimu 124,500 hivi kwa mwezi, nawe unalipa 90,000. Kama huwezi kufika hapo, punguza saa: ondoa jioni, au ondoa Jumamosi. Usibaki na saa zile zile ukatumaini hataona.

Na zile "kula, kulala, sabuni"? Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri na 120,000 kwa anayekwenda kulala kwake. Ukitazama tofauti hiyo utaona kuwa chakula na malazi vimekwisha kuhesabiwa. Kumwambia "unakula bure" ni kumkata mara ya pili. Amri hizi hubadilishwa, kwa hiyo kabla ya kuandika mkataba pita Ofisi ya Kazi ya mkoa uulize kima kinachotumika mwaka huu.

Mshahara kwa shangazi: acha mwezi huu. Sheria inataka mfanyakazi alipwe mwenyewe, mkononi au kwenye akaunti aliyoitaja yeye. Ana miaka 19. Mtumie kwenye namba yake ya simu, halafu yeye ndiye aamue shangazi apate ngapi. Kuna wasichana wengi kutoka Newala, Tandahimba na Masasi wanaomaliza mwaka mzima mjini bila kuushika mshahara wao hata mara moja, na mtu asiyeuona mshahara wake hawezi kuiona kazi kuwa yake. Ukitafuta sababu ya kununa, anzia hapa kabla ya kumfikia mama mkwe.

Brenda. Makato ya hasara yana masharti. Uharibifu uwe umetokana na kosa lake akiwa kazini, apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato yote ya mwezi yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 90,000 ni 22,500. Wewe umekata nusu, bila karatasi. Rudisha 45,000 yote kwanza. Kisha jiulize iliunguaje. Brenda nyingi za nyumbani zimetengenezwa kusaga kama dakika moja kisha zipumzike. Ukisagia nazi kavu au karanga dakika tano mfululizo, na maji kidogo, mota inapata moto, unasikia harufu ya plastiki, imekwenda. Kama hakuna aliyemwonyesha hilo, hapo hakuna uzembe wa kulipia. Mwonyeshe kwenye brenda mpya: maji kwanza, vipande vidogo, hesabu hadi sitini, zima.

Jumapili yote ni haki yake, hakuombi hisani. Kila wiki lazima apate saa 24 mfululizo za kupumzika. Wiki ambayo una zamu Jumapili, mbadilishane siku mapema, tuseme Jumatano ambayo uko nyumbani. Akifanya kazi siku yake ya mapumziko, au sikukuu kama Idd, kila saa inalipwa mara mbili. Unaweza kumtaka arudi saa uliyokubaliana naye, kwa usalama wa nyumba na wake pia, na ukawa na haki ya kujua kama atalala nje ili mfunge mlango. Alikuwa na nani na walikula nini, hayo hayakuhusu.

Zamu zako nne za usiku ndizo ngumu kuliko yote, na hapa sitakufariji. Ukitoka saa 12:30 jioni ukarudi saa 2:30 asubuhi, ni saa 14. Kikomo cha siku ni 12. Na ukirudi utalala, mtoto wa miezi minane halali, kwa hiyo dada anaendelea mpaka alasiri: anafikisha saa 20 na zaidi bila kupumzika. Hapo ndipo ajali hutokea: maji ya moto yanamwagika, mtoto anaachwa kitandani peke yake, dawa inapimwa kwa kijiko kisicho chake. Unahitaji mtu wa pili kwa asubuhi nne kwa mwezi. Jirani, mdogo wako, mama mtu mzima wa mtaani unayemwamini, aje saa 12 asubuhi ampeleke mkubwa chekechea na ashike mdogo mpaka saa 7 mchana, umlipe kwa siku. Mchana wa kabla ya zamu, wewe ukiwa nyumbani, dada asifanye kazi mpaka saa 12 jioni. Saa za usiku huo zihesabu zote kuwa za kazi, hata watoto wakilala fofofo. Na kama ratiba ya mumeo inaweza kupangwa ili siku zake mbili ziangukie zamu zako, zungumzeni hilo kabla ya kutafuta mtu yeyote.

Ramadhani nayo ina hesabu yake, kama nyumba yenu inafunga. Kupika futari huchukua jioni nzima, na kuamka saa 9:30 usiku kuandaa daku kunakata usiku vipande viwili. Mwezi ule ratiba iandikwe upya: ama daku iandaliwe mapema na kila mtu ajipashie, ama asubuhi aanze kazi saa 3.

Kuhusu mama mkwe: wajukuu wawili walioongezeka ni watoto wanne wa kuoga, kula na kufuliwa, kwa saa zile zile na pesa ile ile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nao hawakukusudia jembe apewe dada. Ugeni ukizidi siku mbili tatu, kaa na dada kabla wageni hawajashuka basi, umwambie kipi kitaongezeka na kipi kitaondoka. Labda wiki hiyo hafagii uwanja, labda mama mkwe atashika jiko la jioni, labda utaongeza kiasi fulani. Na anayetoa maagizo awe mmoja. Mama mkwe akitaka jambo apitishie kwako. Ni kazi yako kumweleza mkwe hilo kwa adabu. Usimwachie msichana wa miaka 19 kumkatalia mama mtu mzima, hataweza.

Simu. Kumnyang'anya simu mtu mzima si sawa, na mchana ukimhitaji utampigia nini? Unachoweza kudai ni nyakati ambazo simu haishikwi: mtoto akiwa kwenye beseni, akilishwa, mkivuka barabara, jiko likiwa linawaka. Mtoto wa miezi minane anazama kwenye maji ya kina cha vidole vinne, na huzama bila kelele, dada akiwa anajibu ujumbe mgongo kwa beseni. Mwambie kwa maneno hayo hayo. Mwambie pia kwamba picha za watoto haziwekwi mtandaoni. Baada ya saa 9:30 alasiri na baada ya saa 1:30 usiku, simu ni yake na macho ni yake.

Kazi ambazo hukuziandika lakini huingia kimyakimya katika nyumba nyingi za huku: kuuza barafu na vitumbua vya mwenye nyumba barazani, kupelekwa shambani kuokota korosho za familia, kufua nguo za shemeji. Kila moja ni kazi nyingine. Ukiihitaji, itajwe na ilipwe, na isifanywe huku mtoto yuko mgongoni.

Chumba: kama hana chake, awe na godoro lake, chandarua kisichotoboka, sanduku au begi lenye kufuli ambalo ufunguo anao yeye, na mlango unaofungwa kwa ndani. Mwanaume yeyote, awe ndugu au mgeni, asilale chumba hicho wala asiingie bila kubisha. Kitambulisho chake cha taifa akae nacho mwenyewe. Ukiweka kamera sebuleni mwambie. Chumbani kwake na bafuni isiwekwe kabisa.

Wewe nawe una mengi ya kudai, usidhani yote haya ni upande mmoja. Una haki ya kudai asimpige mtoto wala kumtisha kwa jini au polisi. Asimpe dawa yoyote, hata ya homa, bila kukupigia. Asimwachie mtu mwingine mtoto "dakika mbili tu". Asilete mgeni bila kukuambia. Na mtoto akianguka akwambie siku hiyo hiyo. Hilo la mwisho linategemea zaidi wewe. Dada aliyekatwa 45,000 kwa brenda hatakwambia mtoto alianguka kitandani. Atanyamaza, nawe utaona uvimbe siku ya pili. Mrahisishie: karatasi ukutani jikoni yenye namba yako, ya mumeo, ya jirani na ya bodaboda mnayemwamini, pamoja na mahali ilipo kadi ya kliniki na bahasha ya nauli ya dharura yenye 10,000.

Korosho sasa. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, ambazo ni sawa na siku moja kwa kila siku 13. Tangu Machi mpaka Novemba mwanzoni ni kama siku 240, kwa hiyo ameshachuma siku 18 hivi. Kisheria unaweza kumwambia asubiri atimize mwaka. Ushauri wangu ni umpe 14 Novemba na nyingine baadaye. Msimu ndio pesa ya mwaka ya nyumba yao, korosho ikianguka haisubiri, na asipoenda kwa ruhusa yako ataenda bila ruhusa, nawe utabaki na watoto wawili bila mtu wala taarifa. Mkubaliane tarehe ya kuondoka na ya kurudi, umlipe kabla hajapanda gari, na mtu wa kushika nafasi aje siku mbili kabla ili watoto wamzoee. Likizo ya shule ya Desemba akiomba tena siku mbili kwa unyago wa mdogo wake, zitoe kwenye zile zilizobaki.

Yote haya yaende kwenye karatasi. Huhitaji wakili. Andika jina lake, umri, jinsia na anuani ya kudumu, mahali alikotolewa, yaani Newala, tarehe aliyoanza, kazi zenyewe moja moja, mahali pa kazi, saa, mshahara wa msingi na wa saa za ziada, kila kimoja mstari wake, siku ya mapumziko, likizo. Msomee kwa sauti, mwulize ameelewaje kila kipengele, asahihishe pasipo sawa. Nakala mbili, saini mbili. Yako uitunze hata akiondoka, kwani sheria inataka ikae miaka mitano baada ya ajira kwisha. Mwandikishe pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwake usikate zaidi ya 10.

Mazungumzo yenyewe yafanye Jumamosi saa 5, kazi zikiwa zimeisha, watoto wakiwa kwa jirani, mkiwa mmekaa wote wawili. Anza kwa kumrudishia ile 45,000. Kisha mwache aseme yeye kwanza anaanza na kumaliza saa ngapi kwa hesabu yake, na uandike anachosema kabla ya kujibu.

Mkishindwana kabisa, taarifa ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kwa maandishi, yenye sababu na tarehe, na kwa kuwa ameshapita miezi sita sababu hiyo lazima iwe ya haki. Siku ya kuondoka anapokea mshahara wa siku alizofanya, malipo ya likizo aliyoichuma, cheti cha utumishi, na nauli yake na ya mizigo yake mpaka Newala. Mkimkawiza nauli, mnamlipa na pesa za kujikimu. Akiona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine kama mishahara yana siku 60. Na asitolewe nyumbani usiku, hata mkigombana vipi: asubiri asubuhi apande gari la Newala.